Mhariri tuwekeeni gemu la herufi saba, la Kiswahili chenyewe

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nina kiduka cha vifaa vya shule na fotokopi, gazeti lenu likifika asubuhi nalisoma lote kabla wateja hawajaanza kumiminika, mpaka matangazo ya tenda, na fumbo la maneno ndo naliwekea kiporo cha chai ya saa nne. Leo nina ombi na naomba mnisikilize mpaka mwisho maana sijakurupuka, nimelifikiria miezi sasa.

Lilianza na kuku. Binti yangu yuko darasa la sita, shuleni kwao kuna klabu ya Kiingereza na huko wanacheza Scrabble, akaupenda ule mchezo mpaka anauota usiku, basi nikamtafutia seti ya mtumba, ubao umechubuka pembeni lakini kete zote 100 zimo, tulizihesabu moja moja juu ya mkeka. Kwa asiyeujua ni hivi, kila mtu anachota kete saba bila kuangalia, kila kete ina herufi na pointi zake, unazipangua na kuzipanga mpaka utoe neno, unaliweka ubaoni likigusana na maneno yaliyopo. Herufi za kawaida zina pointi 1, zile ngumu kama Q na Z zina 10, na ukiweza kuzitumia zote saba kwa mpigo unaongezewa pointi 50. Hizo 50 ndo utamu wenyewe, watu wanalala wanaziwaza.

Sasa jioni moja akasema mama leo tucheze kwa Kiswahili. Haya, tukaanza. Haikupita muda nikamwona anapekua mfuko, anapekua, anainua mkeka. Nikamuuliza unatafuta nini? "Mama K ya pili iko wapi, nataka kuandika kuku." Nikaenda kusoma karatasi ya maelezo, kumbe haijapotea, seti nzima ya Kiingereza ina K moja tu! Yaani kuku haandikiki. Kaka haandikiki, keki, kikombe, kikapu, dakika, vyote havipo mpaka upate bahati ya ile kete tupu isiyo na herufi, unayoifanya herufi yoyote uitakayo, nayo inahesabiwa sifuri. Wakati huohuo mkononi mwangu mi nina Q na X, pointi 18 zimekaa kama mgeni asiyejua anaondoka lini, maana Kiswahili hakina Q wala X.

Kesho yake akaenda kumuuliza mwalimu wa klabu, akajibiwa Kiswahili hakifai kwa mchezo huu, maneno yake yamejaa A tupu na hayana ladha. Mtoto akarudi amenyamaza. Sitaji shule wala mwalimu na sina ugomvi naye, ila lile neno liliniuma, kwa sababu anayeonewa hapa ni lugha na kosa ni la kete.

Jaribuni wenyewe hapo ofisini. Chukueni methali ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua, haraka haraka haina baraka. Ina herufi 23. A ziko 11, seti ina 9. K ziko 3, seti ina 1. H ziko 3, seti ina 2. Yaani unapungukiwa kete tano na kete tupu zilizopo ni mbili tu, kwa hiyo methali ya maneno manne haitoki hata ukimwaga mfuko mzima mezani. Mi na binti yangu tuliimwaga kweli tukahakikisha.

Na hizo hesabu za kete hazikushuka kutoka mbinguni. Aliyeutunga mchezo ni Mmarekani Alfred Mosher Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, akakaa na ukurasa wa mbele wa gazeti la New York Times akawa anahesabu herufi kwa mkono, E ngapi, T ngapi, Z ngapi, na hapo ndo akapata idadi na thamani ya kila kete. Baadaye mwaka 1948 mwenzake James Brunot ndo akaupa jina la Scrabble. Kwa hiyo ni gazeti, Mhariri! Mchezo mzima ulitoka kwenye kuhesabu gazeti. Hata S aliiwekea kete nne tu makusudi, kwa sababu Kiingereza ukibandika S mwishoni unapata wingi, ingekuwa mteremko. Sisi wingi wetu unakaa mbele, tunda unalitanguliza MA, kikombe KI yake unaigeuza VI, hiyo S kwetu ni herufi kama wenzake.

Na waliobadilisha kete kufuata lugha yao wapo wengi tu. Poland Z ina pointi 1 na kete zake ni tano, wakati kwenye seti ya Kiingereza Z ni moja na ina 10. Wafaransa K na W wamezipa 10 kila moja maana kwao ni nadra. Wahispania wakaweka CH kwenye kete moja. Hakuna aliyesema Kipolandi hakifai.

Turudi kwenye ladha maana ndo nililotaka hasa kusema. Jirani yangu ni mzee mmoja fundi saa, amestaafu, macho yake sasa hayaoni vile vigurudumu lakini herufi anaziona. Binti yangu alimpelekea kesi yake barazani, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, mbona umenuna? Akamweleza. Mzee akacheka kidogo akaomba vizibo vya soda, vile vya kuchezea drafti, na maka peni, akaandika herufi sita, A, F, I, I, K, R, akamwambia haya toa neno. Mtoto akatoa rafiki. Sawa, lingine? Akakaa, akavizungusha vizibo, akatoa fikira. Lingine? Akatoa fariki. Mzee akamwongezea fakiri, yaani masikini, halafu akamalizia na kafiri. Maneno matano, herufi zilezile sita, hakuna iliyoongezwa wala kupunguzwa. Mi nilikuwa nimesimama na beseni la nguo nikaliweka chini.

Toka siku hiyo nyumbani hapakaliki. Samaki ukimpangua anakuwa masika, ukimpangua tena kamasi, tena makasi. Habari ni bahari. Safari ni farasi. Kitabu ni katibu na pia tibuka. Kubali ni bakuli, simba ni msiba, salama ni masala, imani ni maini. Hasira, ishara, sharia, yote herufi zilezile. Hata herufi nne tu, L, I, M, A, unapata lima, mali, mila, lami na imla. Malkia ukimpa A moja tu anakuwa malaika. Na nyinyi wenyewe Mhariri mko humo, mhariri ni herufi saba kamili, ndani yake mna hariri, mahiri, amiri, hiari na amri.

Kwa nini Kiswahili kinakubali hivi? Mzee anasema ni silabi. Maneno yetu yamejengwa konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kama matofali ya saizi moja, ukiling'oa la mwisho ukalichomeka mbele linakaa. Sisi tuliokulia pwani tulishafanya hivyo utotoni tukiongea kinyume ili wakubwa wasituelewe, nyumba tunaiita mbanyu, hatukujua kama tunafanya mazoezi. Kwa hiyo zile A alizolalamikia mwalimu ndo haswa zinazofanya tofali liingie popote. Kiingereza kina maneno yanayogoma kupanguka kwa sababu ya konsonanti tatu nne zilizoshikana.

Mbinu za mzee naziweka hapa labda zitamfaa mtu. Kwanza usitafute neno, tafuta mkia. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo weka irabu moja mwishoni halafu ona kama una ISHA, IKA, IANA, au NI ya mahali kama nyumbani, maana kwetu ndo zinazorefusha neno. Pili angalia kichwa, una M? una KI, VI, MA, U? Kinachobaki katikati mara nyingi ni silabi mbili tu na hizo unazizungusha. Tatu, na hii ndo siri yake kubwa, ana daftari lile la kaunta buku, kurasa zimelegea, upande wa kushoto kwa biki nyekundu ameandika herufi kwa mpangilio wa alfabeti, upande wa kulia maneno yanayotoka. AFIIKR, mstari wake una matano. AAIKMS, mstari wake samaki na wenzake. Akikutana na neno jipya gazetini kwenu analipanga kialfabeti, anaenda kwenye mstari wake, kama upo anampata ndugu yake hapohapo.

Kijana wangu mkubwa anasoma mambo ya kompyuta, alipoliona lile daftari akasema mama huyu mzee amefanya kile ambacho programu zinafanya, unaipa orodha ya maneno, inapanga herufi za kila neno kialfabeti, yanayofanana yanaingia kapu moja, basi, hakuna haja ya kujaribu kila mpangilio. Maana ukisema ujaribu mmoja mmoja utachoka, herufi saba zisizojirudia zina mipangilio 5040, na zikiwa na irabu moja iliyojirudia, kama kwenye mtihani, ni 2520, ukijaribu mmoja kila sekunde ni dakika 42 na mwenzio kashalala.

Na hapo kwenye mtihani ndo naomba mtulie kidogo. Neno mtihani lina herufi saba, ukilipangua unapata thamini, herufi saba zilezile. Yote mawili yanakupa ile bonasi ya 50. Kwa kete za Kiingereza jumla yake ni pointi 12, M ni 3, H ni 4, zilizobaki ni 1 kila moja. Mtu atasema basi ni sawasawa, uweke lolote. Hapana! Kama ndo unafungua mchezo, lazima upite kwenye nyota ya katikati inayozidisha neno mara mbili, na mraba wa nne kushoto kwa nyota unazidisha herufi moja mara mbili. Ukiweka mtihani, cha juu unachoweza ni kuiweka M kwenye ule mraba, inakuwa 6, neno linakuwa 15, mara mbili 30, na bonasi jumla 80. Ukiweka thamini, H yake iko ya pili kwa hiyo inaangukia kwenye ule mraba na neno bado linafika kwenye nyota, H inakuwa 8, neno 16, mara mbili 32, jumla 82. Binti yangu ndo aliyeligundua hilo, sio mzee wala kaka yake, alikaa na ubao peke yake akisogeza kete huku na kule. Pointi mbili, mtasema ndogo, lakini mtoto wa darasa la sita aliyeambiwa lugha yake haina ladha alihesabu mpaka akazipata, kwa Kiswahili.

Kuna lingine la matunda. Una matunda mkononi, herufi saba, na hapo ubaoni kuna I imekaa peke yake, ukizipitishia kwenye hiyo I unapata tamaduni, herufi nane. Siku kijana wangu alipoliweka hilo hatukuongea kama dakika nzima.

Basi ombi langu. Tuwekeeni kila wiki gemu la herufi saba pembeni ya fumbo la maneno. Halihitaji ubao, mnachapa herufi saba na pointi zake, msomaji anatafuta neno lenye pointi nyingi kuliko yote, akizimaliza zote saba anaongeza 50, wiki inayofuata mnatoa majibu na majina ya walioongoza. Zawadi sio lazima, jina gazetini linatosha kabisa, mtu atalikata alibandike ukutani.

Pointi zenyewe msichukue za Kiingereza. Fanyeni alichofanya Butts, chukueni kurasa zenu za mbele za mwezi mmoja mhesabu, sikuhizi kompyuta inamaliza kabla chai haijapoa. Bila shaka K itashuka kutoka 5, A itapewa kete nyingi, Q na X zinaenda nyumbani. C kwetu haikai peke yake kamwe, kwa hiyo iwe kete moja ya CH kama Wahispania. Lakini SH, TH, DH na GH msiziunganishe, nimebishana sana na kijana wangu hapa, yeye anataka ziwe kete moja moja kwa sababu ni sauti moja, na kisarufi ana haki, ila mkifanya hivyo thamini inaachana na mtihani, maana kwenye mtihani T na H wala hazigusani, kila moja na silabi yake. Mi nasema macho ndo yanayocheza, sio masikio, ziacheni.

La sheria nalo lisiwasumbue. Siku moja tumaini lilizua kesi nyumbani maana lina herufi sawa na tuamini, mmoja anasema ni neno mwingine anasema hiyo ni sentensi. Kiswahili neno moja linaweza kubeba mtenda, wakati na mtendwa, nimekupikia, tutawaletea, tukiruhusu hayo mchezo utakuwa ni kubandika NITA na TUTA tu mpaka asubuhi. Naona tukubali majina umoja na wingi, vitenzi vya kwenye kamusi pamoja na vinyambuliko vyake, pika, pikia, pikwa, pikishana, na KU yake pia maana kupika ni jina, ila viambishi vya mtenda na wakati vikae nje. Hakimu awe Kamusi Kuu ya BAKITA. Tuamini ikaanguka kwa kura tatu kwa moja, aliyeiweka alinuna mpaka kwenye ugali.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa wazungu. Mwaka 2015 kule Perth, Australia, Mnigeria Wellington Jighere alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, Mwafrika wa kwanza. Na mwaka huohuo Nigel Richards wa New Zealand akashinda ubingwa wa Kifaransa na Kifaransa chenyewe haongei, alimeza orodha ya maneno tu bila kujua maana zake. Namheshimu sana kwa kichwa alichonacho, ila mi nataka watoto wetu wacheze kwa lugha ambayo wakitoa fanusi kwenye sanifu wanauliza fanusi ni nini, na mzee fundi saa anaingia ndani anaitoa ile ya bibi yake, imeshika kutu, anawaonyesha. Hilo nililiona kwa macho yangu mwezi uliopita. Binti yangu aliishika kwa mikono miwili akainusa, akasema babu inanuka mafuta ya taa mpaka leo.

Siku ya Kiswahili Duniani ni 7 Julai, mkitaka tarehe ya kuanzia hiyo hapo ipo. Ukurasa wa kwanza hata tunaweza kuwaandalia sisi, kijana yuko tayari na programu yake na mzee yuko tayari na daftari lake, ila daftari haliondoki Tanga, itabidi mje mpige picha.

Nawaachia seti ya kujaribu. Herufi saba ni A, A, H, I, M, R, S, na ubaoni kuna I moja. Yapo maneno mawili yanayomaliza zote nane, moja mnalichapa wenyewe kila wiki na lina ukurasa wake. Binti yangu hilo alilipata anakunywa uji. La pili lilimchukua mpaka kesho yake jioni, alikuja anakimbia kutoka bombani ndoo kaiacha hukohuko.

Msomaji wenu,
Mama wa dukani, Tanga